Mfumo wa Kompyuta Unaojichagulia Njia: Mambo Yapasayo Kuangaliwa na Vyama vya Msingi

(Haya ni maelezo ya Mkaguzi wa Vyama vya Ushirika aliyoyatoa mbele ya wenyeviti na makatibu wa vyama vya msingi katika semina ya Chama Kikuu. Tunayachapa kwa manufaa ya wanachama ambao hawakuweza kuhudhuria. – Mhariri)



Kwa desturi, mkaguzi anaposimama kusema, wasikilizaji hujiandaa kusikia habari za leja zisizofungwa, stakabadhi zilizopotea na mizani isiyopimwa. Leo nimeombwa nizungumze juu ya jambo jipya. Chama Kikuu kimeletewa pendekezo la kununua mfumo wa kompyuta ambao, pamoja na kutunza hesabu, utaweza kujichagulia wenyewe njia ya kupitishia malipo ya wakulima, na kuibadili njia hiyo inapoharibika bila kungoja amri ya mtu. Waliolileta pendekezo wanasema mfumo huo umejifunza kwa sisimizi na nyuki. Baadhi ya wajumbe walipolisikia neno hilo walicheka. Wengine waliingiwa na hofu. Mimi nilikwenda kusoma, na niliyoyapata ndiyo ninayowaletea, ili siku ya Mkutano Mkuu mtakapoinua mikono, kila mmoja ajue anauinulia mkono jambo gani.

Nianze na kisa nilichokishuhudia katika kazi yangu. Chama chenyewe sitakitaja jina, kwa kuwa shauri lilikwisha na watu wake wanaishi pamoja.

Msimu mmoja wa kahawa, Katibu wa chama hicho, mama aliyekuwa ametumika miaka 11 bila hoja kubwa ya ukaguzi, alikuwa na orodha ya wakulima 43 waliostahili malipo ya pili. Fedha zilikuwa zikipitia kwa wakala wa kutuma fedha kwa simu. Alipoituma orodha hakupata jibu lolote: hakuambiwa kwamba malipo yamekwenda, wala hakuambiwa kwamba yamekataliwa. Akangoja hadi saa tisa alasiri. Nje ya ofisi wakulima walikuwa wameketi chini ya mti tangu asubuhi, baadhi yao wakiwa na barua za ada ya shule mkononi. Kwa huruma, Katibu akaituma orodha ile ile kwa njia ya pili, yaani benki. Baada ya siku mbili malipo yote mawili yakaonekana. Wakulima 43 walikuwa wamelipwa mara mbili, na hesabu ya chama ikawa na pengo. Wengi walirudisha, wengine walikuwa wamekwisha kulipia madeni. Katibu akasimamishwa kazi kwa miezi mitatu, na kijijini ikasemwa kwamba amekula fedha.

Nilipofanya ukaguzi sikuona hata senti moja iliyoingia mfukoni mwake. Niliona kosa moja tu: alibadili njia safari ikiwa katikati, na mzigo haukuwa na alama ya kuwajulisha wapokeaji wote kwamba ni ule ule.

Angalieni vema, ndugu zangu. Yule mama alifanya kwa mkono wake jambo lile lile ambalo mfumo huu unasifiwa kwamba utalifanya kwa nukta chache. Njia imeziba, akachukua nyingine. Kwa hiyo swali lililo mbele yetu si kama kubadili njia ni kuzuri au ni kubaya. Swali ni hili: njia ibadilishwe kwa kipimo cha nani, kwa tahadhari gani, na nani atakayejibu?

HUDUMA NI NINI

Zamani programu ya kompyuta ilikuwa kama duka moja lenye kila kitu ndani yake. Siku hizi programu kubwa hujengwa kwa vipande vidogo viitwavyo huduma. Kila huduma hufanya kazi moja, hukaa katika kompyuta yake, pengine ya kampuni nyingine katika mji mwingine, na huitwa kwa njia ya mtandao pale inapohitajiwa.

Chukueni malipo ya mkulima mmoja. Huduma ya kwanza husoma uzito uliopimwa. Ya pili huhakikisha namba ya uanachama. Ya tatu huleta bei ya mnada. Ya nne hutoa makato ya pembejeo na ushuru. Ya tano hutuma fedha. Kuzipanga huduma hizi zifuatane hadi kazi itimie ndiko kuziunganisha. Na ikiwa mpango huo waweza kubadilika wenyewe wakati kazi inaendelea, huo ndio uunganishaji unaojirekebisha.

Watu wa ushirika hawahitaji kufundishwa sana jambo hili. Kahawa hutoka kwa mkulima, ikapita chama cha msingi, mchukuzi, kinu cha kukobolea, ghala, hadi mnadani. Kila mmoja ana kazi yake, na mmoja akilala wote wamelala.

Hapa pana hesabu ambayo kila Katibu aweza kuifanya. Tuseme zile huduma 5 zinafuatana, na kila moja huwa tayari siku 99 katika kila siku 100. Mtu atasema hiyo ni sifa njema. Lakini ili fedha zifike, yapasa zote tano ziwe tayari kwa pamoja. Basi tuzidishe 0.99 kwa yenyewe hadi itimie mara tano, nasi tutapata karibu 0.951. Maana yake ni kwamba karibu siku 5 katika 100 malipo hayatafika, ijapokuwa hapana huduma hata moja iliyo mbovu. Sasa tuseme kila huduma ina mwenzake wa akiba mwenye ubora ule ule, na wawili hao hawaharibiki kwa sababu moja. Wote wawili kukosekana pamoja kutatokea mara 1 katika 10,000, na mnyororo mzima utakuwa tayari siku 9,995 katika 10,000. Hiyo ndiyo faida ya kuwa na njia ya pili, na wenye pendekezo hawakudanganya walipoitaja.

Lakini nimesema "hawaharibiki kwa sababu moja", na maneno hayo naomba myaandike. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za mawasiliano zilizolazwa chini ya bahari, EASSy na Seacom, zilikatika siku hiyo hiyo katika bahari ya upande wa Afrika Kusini, na mtandao wa intaneti ukapungua sana katika nchi kadhaa za upande wetu, Tanzania ikiwamo. Aliyekuwa akitegemea EASSy na kuiweka Seacom kuwa akiba yake aliamini kwamba ana njia mbili. Kumbe siku hiyo hakuwa na hata moja. Kadhalika chama chenye mawakala wawili wa fedha, wote wakitumia mnara mmoja wa simu ulio juu ya kilima kimoja, kina njia moja yenye majina mawili.

KWA NINI SISIMIZI

Mtauliza: ikiwa shida ni kuchagua njia, kwa nini kompyuta isizipime zote ikachukua iliyo bora? Jibu ni kwamba njia huongezeka kuliko tunavyodhani. Kazi ikiwa na hatua 10, na kila hatua ikiwa na watoaji 10 wa huduma, mipango iwezekanayo ni 10,000,000,000. Kompyuta ikipima mipango 1,000 kwa kila sekunde, itahitaji karibu siku 116, na kabla haijamaliza, bei na hali ya mtandao vitakuwa vimekwisha geuka. Hivyo wataalamu wakatafuta njia ya kupata jibu zuri kwa upesi, hata kama haliwezi kuthibitishwa kwamba ndilo bora kabisa. Katika kutafuta huko wakawageukia viumbe wadogo ambao hutatua mambo ya namna hii kila siku.

Huko Brussels, Ubelgiji, Jean-Louis Deneubourg na wenzake walifanya majaribio kwa sisimizi wa Ajentina, wakatoa taarifa zao mwaka 1989 na 1990. Waliweka kiota upande mmoja na chakula upande wa pili, na kati yake wakaweka daraja lenye matawi mawili, moja likiwa refu mara mbili ya jingine. Sisimizi anapotembea huacha harufu chini, na mwenziwe huvutwa kufuata palipo na harufu nyingi. Mwanzoni walipita kote kwa kubahatisha. Lakini waliopita tawi fupi walifika na kurudi mapema, harufu ikazidi upesi upande huo, ikawavuta wengine, nao wakaizidisha. Muda si mrefu walio wengi wakawa katika tawi fupi. Hapana aliyepima urefu, wala hapana mkubwa aliyetoa amri.

Hilo ni jaribio ambalo wauzaji wa mifumo hupenda kulisimulia. Lakini lipo jingine, na hilo ndilo lililonigusa mimi mkaguzi. Wataalamu hao waliweka kwanza tawi refu peke yake, wakawaacha sisimizi walizoee kwa nusu saa. Kisha wakaongeza tawi fupi. Je, sisimizi walihamia huko? Walio wengi hawakuhama. Harufu ya zamani ilikuwa nzito na haikukauka kwa upesi wa kutosha, nao wakaendelea kuzunguka njia ndefu na ile fupi ikiwa wazi kando yao.

Ndugu zangu, ni vyama vingapi humu ndani ambavyo vimemshika mchukuzi mmoja kwa miaka kumi, kwa bei ya juu kuliko wengine, kwa sababu tu jina lake limo katika kila muhtasari wa nyuma? Nikiuliza kwa nini yeye, hujibiwa, "Bwana Mkaguzi, huyu ndiye tuliyemzoea." Wahenga walisema mazoea yana taabu. Sisimizi wa Brussels wangetuelewa vema.

HARUFU INAYOKAUKA

Mwaka 1992 Marco Dorigo alitoa tasnifu yake ya udaktari katika chuo cha Politecnico di Milano, Italia, akieleza namna ya kutumia mwendo wa sisimizi katika kompyuta. Sisimizi wake si wadudu, ni hesabu tu. Kila njia hupewa namba iliyo badala ya harufu. Programu huchagua njia kwa bahati nasibu, lakini bahati nasibu yenye uzito: njia yenye namba kubwa huchaguliwa mara nyingi, na yenye namba ndogo huchaguliwa mara chache, bila kuachwa kabisa. Njia ikileta matokeo mazuri, namba yake huongezwa. Na ili kuepuka ugonjwa wa kung'ang'ania njia ya kale, namba zote hupunguzwa kila mzunguko, mithili ya harufu inayokauka juani.

Tuseme njia ina namba 100, na kila mzunguko hupungua kwa sehemu moja ya kumi. Ikiwa haikupata sifa mpya, baada ya mizunguko 7 itabaki na 48 hivi, chini ya nusu. Hivyo sifa ya jana haimwoneshi mtu njia milele. Sharti sifa istahiliwe upya. Mwaka 1998 Gianni Di Caro na Dorigo walitumia kanuni ya aina hii kuelekeza ujumbe katika mitandao ya mawasiliano, wakaiita AntNet.

Nyuki nao wametoa fundisho lao. Karl von Frisch, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973 pamoja na wenzake wawili, alifafanua jinsi nyuki anayerudi mzingani huwaeleza wenziwe mahali penye maua kwa kucheza. Nyuki aliyepata maua mengi hucheza zaidi na kuvuta wengi. Lakini siku zote wapo wachache ambao hawafuati ngoma ya mtu, huenda kutafuta mahali papya. Mwaka 2004 Sunil Nakrani na Craig Tovey walionyesha kwamba kompyuta zinazohudumia wateja wa intaneti zaweza kugawiwa kazi kwa mfano wa kundi la nyuki linavyowagawa wachumaji wake kati ya maua.

Wapo pia waliofuata mfano wa uzazi wa viumbe. John Holland wa Marekani aliieleza njia hiyo katika kitabu chake cha mwaka 1975: majibu mengi hutungwa, yaliyo mazuri huchanganywa kama mbegu, na kila kizazi huchujwa. Mwaka 2005 Gerardo Canfora na wenzake wa Italia waliitumia njia hiyo hasa kwa jambo letu la leo, yaani kuchagua huduma zipi ziunganishwe kwa kuangalia bei, muda na kutegemewa kwake.

Basi mafundisho ni mawili. La kwanza, sifa ya zamani ipungue. La pili, daima wawepo wachache wanaojaribu njia nyingine. Twaambiwa usiache mbachao kwa msala upitao, na ni kweli; lakini hapana aliyekataza kuutazama msala unaopita na kuuliza bei yake.

PALE MFANO UNAPOPOTOKA

Kazi yangu haiishii katika kusifu. Msafiri na mtaalamu wa viumbe William Beebe, katika kitabu chake cha mwaka 1921, alisimulia aliyoyaona huko Guyana. Kundi la siafu wa nchi ile lilikuwa limepotea, wa mbele akaingia katika harufu ya wa nyuma, na wote wakawa wanazunguka duara moja la mzingo wa futi 1,200 hivi. Kila mmoja alitumia saa mbili na nusu kuumaliza mzunguko, na walizunguka hivyo hadi wengi wao wakafa. Kila siafu katika duara lile alitii kanuni kikamilifu. Kilichokosekana ni mmoja wa kusimama kando na kuuliza: twaenda wapi?

Jambo la pili ni la gharama. Chama cha msingi chenye hatua tatu, na kila hatua ikiwa na watoaji watatu, kina mipango 27 tu. Mipango 27 hupimwa kwa karatasi na kalamu katika alasiri moja. Chama cha namna hiyo hakihitaji sisimizi; kinahitaji Katibu mwenye muda na Bodi yenye kusoma. Mfumo huu waweza kuufaa Chama Kikuu chenye vyama vingi, mabenki kadhaa na maelfu ya malipo kwa siku moja ya msimu. Asitokee mtu akauuza kwa kila chama kimoja kimoja kwa bei ile ile.

MASHARTI MANNE

Ikiwa Mkutano Mkuu utakubali mfumo ununuliwe, nashauri usikubali bila masharti manne, nayo yaandikwe katika mkataba.

Sharti la kwanza: kipimo cha ubora kiwekwe na wanachama. Sisimizi wa kompyuta hajui lililo jema. Anajua namba aliyoambiwa aikuze au aipunguze. Ukimwambia aangalie bei peke yake, atapitisha malipo yote katika njia iliyo rahisi kuliko zote, hata kama mkulima wa kijiji cha mbali atalazimika kutembea saa nne kwenda kumtafuta wakala. Hatakuwa amekosa, atakuwa ametii. Kwa hiyo uzito wa bei, uzito wa muda, uzito wa kutegemewa na uzito wa umbali wa mkulima ujadiliwe na kuandikwa katika muhtasari wa mkutano, na usibadilishwe na fundi kwa simu.

Sharti la pili: harufu ikauke, na majaribio yawepo, lakini majaribio yasifanywe kwa ada ya mtoto wa mtu. Hili wauzaji hawalitaji. Programu inapotuma malipo machache kwa njia isiyojulikana ili kuipima, sisimizi mmoja akipotea kiota hakiumii. Lakini kila malipo yetu yana jina la mkulima. Basi njia mpya ipimwe kwanza kwa kiasi kidogo cha fedha za Chama Kikuu chenyewe, kutoka akaunti yake moja kwenda akaunti yake nyingine. Ikionekana salama, ndipo ipewe malipo ya wanachama kidogo kidogo.

Sharti la tatu, na hili ndilo lililomponza yule mama Katibu: kila malipo yawe na namba moja isiyobadilika, na namba hiyo ifuatane nayo katika kila njia. Wapokeaji wote wafungwe kwa mkataba wasilipe namba iliyokwisha kulipwa. Aidha mfumo ujue kwamba hali za malipo ni tatu wala si mbili: yamelipwa, yamekataliwa, na haijulikani. Yakikataliwa, njia ibadilishwe mara moja. Lakini isipojulikana, mfumo usitume tena. Kwanza uulize kwa namba ile ile. Ni afadhali mkulima angoje hadi kesho kuliko chama kulipa mara mbili na mtu asiye na hatia akaitwa mwizi. Na kwa kazi yenye hatua nyingi, kila hatua iwe na hatua ya kuitangua, ili ya tano ikishindikana zile nne za nyuma zirudishwe kwa utaratibu. Kanuni hiyo nayo si mpya: Hector Garcia-Molina na Kenneth Salem waliieleza mwaka 1987, na sisi wenye vitabu vya hesabu tuliijua kabla yao kwa jina la ingizo la kutangua.

Sharti la nne: daftari. Katika mkutano mmoja wa kijiji mzee mmoja aliniuliza, "Bwana Mkaguzi, hiyo kompyuta ikikosea tutamsimamisha nani kazi?" Watu walicheka, lakini mzee aliuliza swali lililo kubwa kuliko yote. Jibu langu ni kwamba kompyuta haisimamishwi kazi, haiapi, wala haiwezi kuitwa mbele ya Bodi. Kwa hiyo kila inapochagua njia sharti iandike: siku na saa, njia iliyochaguliwa, njia nyingine zilizokuwapo, namba za harufu kwa wakati ule, bei, na matokeo.

Wengine watasema hilo haliwezekani kwa kuwa programu hutumia bahati nasibu. Yawezekana. Bahati nasibu ya kompyuta kwa kawaida ni hesabu inayoanza na namba moja ya kuanzia. Namba hiyo ikihifadhiwa pamoja na kumbukumbu nyingine, mkaguzi aweza kuirudia bahati nasibu ile ile na kuona chaguo lile lile likitokea mbele ya macho yake. Muuzaji akikataa kuihifadhi namba hiyo, nanyi mkatae kutia sahihi. Pia awepo mtu mmoja, kwa cheo chake, mwenye mamlaka ya kuusimamisha mfumo na kurudi katika njia ya mkono. Naye awe ndiye anayejibu. Huyo ndiye tunayemwandaa asimame kando ya duara la siafu.

MWISHO

Ndugu Mwenyekiti, sikuja kuwaambia wajumbe waukubali mfumo huu au waukatae. Hilo ni la Mkutano Mkuu. Nimekuja kusema kwamba kubadili njia ni akili ambayo hata mdudu anayo, bali kuweza kueleza kwa nini njia imebadilishwa ni wajibu ambao ushirika hauwezi kumwachia mdudu wala mashine. Sisimizi hawana daftari. Sisi tunalo, na wahenga wamesema mali bila daftari huisha bila habari.

Kabla ya Mkutano Mkuu naomba kila chama kifanye kazi moja isiyo na gharama. Katibu achukue karatasi, aandike hatua zote za malipo tangu mizani hadi mkononi mwa mkulima. Mbele ya kila hatua aandike nani anayeitoa huduma hiyo, nani wa akiba, na kama wote wawili wanategemea mnara mmoja, umeme wa laini moja au mtu mmoja. Chama kitakachoona nafasi nyingi tupu katika karatasi hiyo kijue kwamba hatari yake haikuanza na kompyuta, wala haitakwisha kwa kuinunua. Karatasi hizo nitaomba kuziona nitakapopita kwenye ukaguzi.

Yule mama Katibu alirudi kazini baada ya miezi mitatu. Siku hizi katika daftari lake la malipo pana safu moja aliyoiongeza mwenyewe, imeandikwa kwa wino mwekundu: "Haijulikani – usitume tena." Nimeikagua mara mbili tangu hapo. Msimu uliopita safu hiyo ilijazwa mara tano, na kila mara jibu lilipopatikana siku iliyofuata, fedha zilikuwa zimekwisha fika.